Mtu Aliyeikana Chapa Yake

Mwaka ule wa mafuriko makubwa, kabla ya Uhuru, mto Tana ulipanda mpaka ukasahau kwamba una kingo. Barabara zote zilikatika. Garissa tukakaa kama watu wa kisiwani, na unga ukatuishia. Ndipo ikaja ndege, ikapita chini kabisa, ikaangusha magunia. Sasa gunia la unga likitoka juu namna ile halifiki chini likiwa gunia. Yalipasuka yote. Unga ukatanda hewani, mbwa wa soko wakatokea humo weupe kama majini, na watoto wakawakimbia wakilia. Shangazi yangu alikusanya wa kwake kwa leso, unga na mchanga pamoja, na alipoupika tulikula ugali unaosagika menoni. Hata leo nikisikia ndege nafunga mdomo.

Lakini maji yale hayakuleta njaa peke yake. Yalileta milango ya nyumba za watu, kuku waliokufa, kiti cha kanisa, na mapipa. Huko juu ya mto ghala la mafuta lilikuwa limebebwa, na mapipa matupu yakawa yanashuka yakigongana usiku na mchana. Sisi tulisimama mbali kwa ajili ya mamba. Mtu mmoja tu ndiye aliyeingia, maji kifuani, kamba kiunoni, na ncha ya kamba ameishika mkewe huku juu. Kila pipa alilolidaka alilitukana kwanza. Mkewe naye akamtukana yeye.

"Mamba wakikuchukua," alimwambia, "mimi navuta kamba yangu naenda nayo nyumbani. Kamba ni ya baba yangu."

Ndivyo nilivyomjua Fundi. Jina lake ninalo, lakini watoto wake wako hai na hawajaniomba niliandike, basi na tumwite Fundi, kama mji mzima ulivyomwita. Na mapipa yale aliyoyatoa mtoni siku ile, wallahi, ndiyo nusura yampeleke kwenye kamba ya kunyongewa.

Mimi wakati huo nilikuwa nauza maji kwa punda, mwanamume mzima mwenye mke na deni la mahari. Kibanda cha Fundi kilikuwa kando ya soko la mifugo, matawi juu na magunia ubavuni, na kila asubuhi nilipita hapo. Kila asubuhi aliingiza kidole ndani ya debe langu kupima kama limejaa. Likipungua ukucha mmoja alitaka kupunguziwa bei. Mtu bahili sana. Halafu jioni unasikia mjane fulani amepelekewa kisu na sufuria na mtu asiyejulikana, na sufuria lenyewe lina alama za nyundo yake Fundi tele, kila pigo unalitambua. Ukimuuliza anakutukana.

Kwetu mfua chuma alikuwa mtu wa kuhitajiwa na kutengwa. Mkuki, kisu, shoka, chuma cha kupigia ngamia chapa, vyote vilitoka kwake, lakini hakuna aliyempa binti isipokuwa wafua chuma wenzake, na wazee wengi hawakutia mkono kwenye sinia lake. Vijana wa leo wakiambiwa hivyo wanabisha. Wabishe. Yeye mwenyewe alisema, "Mnanidharau mpaka siku kisu kinapokataa kuchinja." Akishasema hivyo anachukua kisu chako na kukifanya kisu tena, na bei inakuwa imepanda kidogo.

Mnyenyekevu hakuwa, tusidanganyane. Alikuwa na kioo amekitundika kwenye nguzo, na ndevu zake alizipaka hina nyekundu, akazichana mbele ya mteja. Mtu amekuja mbio, ngamia wake ana mwiba wa chuma mguuni, Fundi anachana ndevu. Alijisifu kwa kazi aliyoifanya na kwa kazi ambayo hajaifanya bado. Lakini sindano aliiogopa. Walipokuja watu wa chanjo ya ndui, mtu huyu aliyewavamia mamba alijificha ndani ya pipa lake mwenyewe, na daktari, bila kujua, akakaa juu ya lile pipa akavuta sigara mpaka ikaisha. Fundi alitoka ameloa jasho, akasema alikuwa anakagua kutu.

Nisipotee. Habari yenyewe ni ya tangi.

Anayejua ngamia anajua taabu ya maji safarini. Ukimfunga debe, kila hatua linamwaga, ukifika kisimani umebeba nusu na ngamia amelowa bure. Vyombo vyetu vya kusuka haviachi maji, lakini vinabeba machache. Fundi alichukua mapipa yake ya mafuriko, akayachoma ndani mpaka harufu ya mafuta ikaisha, akayapasua, akakunja bati likapata tumbo la kulala vizuri kwenye mbavu za ngamia. Mshono aliukunja juu ya mshono, bila ribiti hata moja, ile misumari ya kuunganishia bati. Na mdomoni akatia kifuniko chenye pete ya ngozi ya ngamia, imekunywa mafuta ya mkia wa kondoo na kukaa kwenye moshi siku nyingi. Pete ile ikipata maji inavimba na kufunga. Alilitundika tangi lililojaa juu ya kiti cha wateja, kichwa chini miguu juu, akasema ukidondokewa na tone moja kichwani, lichukue bure. Watu walikaa pale wakiomba wadondokewe. Hakuna aliyepata.

Mkewe alikuwa na neno juu ya pete ile. Nilikuwepo, namshusha punda mzigo. Mama huyu alikuwa mwembamba, sauti ya chini, na alipokasirika sauti ilizidi kushuka.

"Huo moshi na mafuta umevitoa wapi?" alimuuliza mumewe.

"Kichwani mwangu."

"Umevitoa kwenye vyombo vyangu vya maziwa. Mama alinifundisha, na yeye alifundishwa na mama yake. Kila tangi ukiuza, mimi napata nini?"

"Nenda ukamdai bibi yako."

"Bibi yangu hakumtoza mtu. Wewe ndiye unayetoza."

Fundi alimgeuzia mgongo. Akachukua nyundo akapiga chuma kilichokwisha kupoa. Neno la mama yule nimelifikiria sana tangu hapo, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalikuwa ndani yake: kitu kikitoka kichwani kwa mtu, ni cha nani, na nani ale kwacho?

Msimu mmoja haukuisha, matangi yakawa kila mahali, na si yake. Alikwenda Griftu kwenye mnada wa mifugo akarudi amenunua tangi lililoigwa, akaliweka kibandani na kila asubuhi kabla ya kazi analipiga teke. Hapa Garissa mwigaji mkubwa alikuwa mwenye duka la mabati, Msomali mwenzetu, mtu mpole, msemaji mzuri, hodari wa kutoa sadaka. Aliweka vijana nyuma ya duka wakawa wanapigilia matangi kwa ribiti, pete za mpira wa gari, bei nusu. Yalivuja, lakini hayakuvuja siku ya kununua. Fundi alikwenda kumkabili. Mwenye duka akamkaribisha kwenye mkeka, akamjibu bila hasira.

"Adeer, ami yangu, wewe umelitundika hadharani, mimi nimelitazama. Sasa niyalipie macho yangu?"

Fundi alirudi akaniambia kwamba kilichomuuma zaidi si kuibiwa, ni kwamba jibu lilikuwa zuri.

Sasa kulikuwa na ofisa wa maji, kijana mtu wa Kenya. Ndivyo tulivyosema, mtu wa Kenya, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine, na vita nitakavyovifikia vilikuwa juu ya jambo hilo hilo. Ofisa huyu alipenda tangi kama mtoto anavyopenda mbuzi. Aliligeuza, akalijaza, akalibingirisha. Ndiye aliyemwambia Fundi kwamba serikalini iko hati ya watu wanaobuni vitu vipya. Leo naambiwa inaitwa hataza. Ukishaipata, alisema, kwa miaka kadhaa yeyote anayetengeneza kitu chako lazima akulipe au aache, na asipoacha mahakama itamwachisha.

Fundi akauliza inaandikwa wapi. Nairobi, lakini lazima ipitie London kwanza.

"Tangi langu liende mpaka Ulaya?"

"Michoro yake tu."

"Na gharama ni ya nani?"

"Ni yako, mzee."

Gharama yenyewe, alipoitajiwa, ilikuwa bei ya ngamia jike na ndama wake na pengine ndama wa mwakani. Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Nilipe, alisema, ili niambiwe kwamba changu ni changu. Lakini alipomaliza kucheka alishika ndevu, akasema, "Kumbe ni chapa tu."

Ofisa akasema ndiyo, kwa namna fulani ni chapa. Hakujua amesema nini. Sisi tunajua. Kwetu ngamia hupigwa chapa ya ukoo kwa chuma cha moto, na ngamia aliyepotea anaweza kutembea mpaka mpakani, atakayemkuta ataisoma na kupeleka habari. Mtu anaweza kudanganya juu ya umri wake na juu ya bei ya ng'ombe, lakini juu ya chapa hadanganyi, maana siku ya pili wa kwake atapotea. Na iko sheria ya upande wa pili. Mwenye chapa akisimama mbele ya wazee akasema mnyama huyu si wangu, basi amekwisha. Anakuwa baadi, mnyama asiye na mwenyewe, wa yeyote aliyemkuta. Huwezi kurudi kesho ukasema ulikuwa umeghafilika.

Fundi alifua vyuma vya chapa vya koo nyingi, lakini yeye hakuwa na chapa, kwa sababu hakuwa na ngamia. Sasa akajifulia ya kwake. Mwezi mchanga umelala, na nukta chini yake, kama tone linalotaka kudondoka na halidondoki. Akawa anaipiga kwa tindo kwenye bega la kila tangi. Na sikiliza, ilimlipa kabla ya London kujua yuko duniani. Watu walikuwa wamechoka na mpira unaovuja, wakawa wanauliza, "La chapa au la duka?" La chapa lilipanda bei. Kibanda kikapata mabati. Mkewe alipata mkufu, bila maelezo, na alipouliza ni wa nini, Fundi akasema ni wa bibi yake. Wazee wale ambao hawakutia mkono kwenye sinia lake walianza kutia kidole, halafu mkono.

Mwenye duka naye akafanya alivyozoea. Akatazama. Vijana wake wakaanza kupiga mwezi na tone kwenye matangi ya ribiti. Hapo ndipo Fundi alipouza fuawe yake kubwa, ile ya baba yake, akampa ofisa wa maji gharama ya hati. Ofisa akachora tangi mwenyewe, juu, chini, ubavu, na chapa pia akaichora, akaipeleka michoro Nairobi. Tukawa tunangoja.

Tulingoja pabaya. Vita vilikuwa vimeanza tangu mwaka wa Uhuru wenyewe. Wako waliosema nchi yetu iende upande wa Somalia, serikali ikasema haiendi hata shubiri, na waliochukua bunduki wakaingia porini. Serikali iliwaita shifta, na sisi tuliobaki mjini tuliitwa hivyo pia na askari aliyeamka vibaya. Mwanzoni vita vilikuwa vya mbali, lori limepigwa njiani, kituo kimechomwa. Halafu vikasogea. Ikawekwa kafyu, jua likizama kila mtu ndani. Barabara zikategwa mabomu. Watu wa porini wakakusanywa kwenye vijiji vya seng'enge, wao na mifugo iliyobaki, na ngamia aliyeonekana nje akitembea alipigwa risasi, kwa sababu nani anatembea huko isipokuwa adui?

Na adui porini anaishi kwa nini? Bunduki haitoshi. Anaishi kwa maji. Mwenye tangi lisilomwaga anaweza kukaa mbali na kila kisima kinacholindwa. Fundi alikuwa ametengeneza tangi kwa ajili ya mchunga ngamia, lakini mchunga ngamia na mpiganaji ni kiu moja. Habari zikaanza kutambaa kwamba askari wanauliza juu ya mwezi na tone.

Ofisa wa maji alikuja kibandani mchana, akajifanya anatazama bawaba, akamwambia kwa sauti ndogo aache kupiga ile chapa, na zilizopigwa azikwangue. Mkewe alikwisha kumwambia hayo. Fundi akasema ngamia hakwanguliwi chapa akiwa hai. Akasema akikwangua, Nairobi wakija watajuaje kwamba ni lake? Ofisa akajibu kwamba wakija askari watajua haraka zaidi. Baada ya hapo nilimwona Fundi akitazama kioo bila kuchana ndevu.

Siku ya baraza walituita wanaume wote uwanjani, tukakaa chini juani, askari wamezunguka. Mbele yetu yalikuwa yamepangwa matangi. Yalitoka kwenye silanga moja mbali, dimbwi la mvua, ambako watu wenye bunduki walikutwa wakinywesha. Ngamia walikufa huko huko. Matangi yalitobolewa risasi, lakini mabegani mwezi na tone vilionekana vizuri. Ofisa wa askari alisimama na fimbo, mkalimani kando yake, na kwenye kiti, amevaa kofia yake ya jua, alikaa ofisa wetu wa maji. Aliletwa kama mtu wa serikali. Macho yalikuwa kwenye viatu vyake. Mkono uliochora chapa ile ulikuwa juu ya goti lake.

Ofisa wa askari akauliza chapa ni ya nani. Vichwa vikainama. Akamnyooshea fimbo mzee mkubwa kuliko wote, mtu wa macho ya ukungu, mwamuzi wa kesi zetu. Mzee akajibu taratibu kwamba chapa haulizwi mtu mwingine, huulizwa mwenyewe.

"Basi mwenyewe asimame," akasema ofisa. "Asiposimama, chapa ni ya mji mzima."

Mwenye duka alikuwa amekaa mbele yangu. Niliona jasho linashuka shingoni mwake mpaka kwenye kola. Hata kutoka nilipokaa niliziona ribiti. Yale hayakuwa matangi ya Fundi. Yalikuwa ya nyuma ya duka, yote.

Fundi akasimama. Moyoni nikasema majivuno yamemuua. Mtu aliyepiga kelele miaka yote, ni langu, ni langu, leo anaulizwa na serikali yenyewe. Alitembea mpaka kwenye tangi la kwanza, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ribiti, akavuta pete ya mpira, ikatoka. Hakumtazama mwenye duka. Angemtazama tu, kwa kope, ingetosha, na yeye angekuwa huru na mwenye duka angekuwa maiti, na hati ikija isingekuwa na mtu wa kuipinga.

"Ni yako?" ofisa akauliza.

"Kazi mbovu hii."

Watu wawili watatu walicheka kwa woga, wakakatiza.

"Sikukuuliza uzuri. Chapa ya nani?"

Fundi aliweka gumba juu ya ile alama, akaisugua kama mtu anayetoa tongotongo kwenye jicho la mtoto. Halafu akainuka, akageuka, akatupa mgongo kwa ofisa na uso kwa wazee.

"Haina mwenyewe," akasema. "Tangu leo haina. Anayeitaka aichukue, anayetaka kuipiga aipige. Wazee mmesikia."

Mkalimani alitafsiri maneno mawili ya kwanza tu. Ofisa alisikia mtu asiyejua kitu. Sisi tulisikia mtu anafungua zizi lake lote na kuwaachia ngamia. Mzee wa macho ya ukungu akasema, "Tumesikia," na safu nzima ikarudia.

Walimchukua hata hivyo. Wakatuchukua na sisi, mmoja mmoja, tukaapishwa kwa Kitabu na kuulizwa chapa ni ya nani. Tukajibu haina mwenyewe, na haukuwa uongo. Ilikuwa ya mtu mpaka siku ile, halafu haikuwa. Hata ofisa wa maji alipoulizwa alisema hivyo hivyo, na nadhani alifikiri anadanganya. Mwishowe walimrudisha Fundi. Amekonda, na ndevu wamezinyoa. Alikwenda moja kwa moja kukigeuza kioo kikatazama nguzo.

Na mwenye duka? Vijiji vya seng'enge vilihitaji vyombo vya maji, serikali ikataka matangi mengi, na yeye akapewa kazi hiyo. Akayapiga mwezi na tone yote, kwa kuwa watu walikuwa wamezoea. Alikuja kwa Fundi na sukari na majani ya chai, akaketi chini kwa adabu, akasema anajua anachodaiwa na Mungu. Akamwomba awe msimamizi wa vijana wake, kwa mshahara. Fundi aliuliza kama pete itakuwa ya ngozi. Mwenye duka akasema mpira ni nafuu. Fundi akamrudishia sukari. Majani ya chai akabaki nayo.

Vita viliisha kwa maneno ya wakubwa, mbali, na sisi tukajua vimeisha siku lori lilipofika bila askari juu yake. Njia zikafunguka. Mke wa Fundi akatangulia kwa ndugu zake Griftu, njia ya Wajir, yeye na watoto na mivukuto. Fundi akabaki na nyundo na koleo. Wakati huo ndipo ofisa wa maji alipotuita ofisini kwake, Fundi, mzee yule wa macho ya ukungu, na mimi.

Alikuwa na furaha hata hakujua akae wapi. Ombi la hati halikufa, alisema, lilikuwa hai miaka yote hiyo ya moto. Kilichobaki ni Fundi kuweka kidole kwamba yeye ndiye aliyelibuni tangi na chapa yake, na watu wawili washuhudie.

"Mzee, kila tangi lililoko kwenye vijiji ni lako," akasema. "Mwenye duka atakulipa. Atalipa mpaka ya nyuma."

Kidau cha wino kilikuwa mezani. Fundi alichovya gumba, polepole. Nikamtazama mzee, nikajua kuna neno.

"Kabla hujaweka," mzee akasema, "niambie mimi. Siku ile ulisema kweli, au uliogopa tu?"

Ofisa akasema vita vimeisha, hakuna atakayeuliza tena.

"Mimi nauliza," mzee akasema. "Sisi tuliapa kwa neno lake. Kama lilikuwa neno la woga, mimi niliapa uongo juu ya chapa, na huyu muuza maji pia, na kila aliyekaa pale. Akisema lilikuwa la woga, nitashuhudia kwamba tangi ni lake. Nitashuhudia, halafu nitakwenda kutubu."

Mimi nilitaka apate. Nilikuwa nimemwona ndani ya maji yale ya mafuriko. Nikamwambia, "Fundi, weka kidole, bwana. Kiapo changu nimekusamehe."

"Cha kwako," akasema. "Na cha wengine?"

Alikiinua kidole akakitazama, cheusi, kinang'aa.

"Huu wino unatoka?" akamuuliza ofisa.

"Kwa sabuni."

"Sabuni iko wapi?"

"Iko nje, kwenye bomba. Lakini mzee, si uweke kwanza?"

Fundi alitoka, kidole amekiinua mbele yake asichafue kikoi. Nilimwona dirishani. Alipita bomba na sabuni iko juu yake. Akapita nyuma ya duka la mabati, nyundo za vijana zinalia, na hakugeuza kichwa. Kisha akashika njia ya Wajir, mwendo wake ule ule wa mtu anayekwenda kudai. Ofisa aliagiza chai, ikaja, tukanywa sisi watatu. Kikombe cha nne tulikifunika kwa kisahani kisipoe, tukangoja, na hakurudi.